Nguo ya Aliye Hai

Kashai, Bukoba
9 Novemba 2025

Mwanangu Sara,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Erick na huyo aliyemo tumboni. Mimi sijambo, ila masikio yameniaga kabisa. Juzi kengele ya kanisa imepigwa nimesimama chini yake, nami nikamwuliza kakako Cyprian mbona leo wamechelewa kuipiga. Alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo simu usinipigie, utaongea peke yako. Tuandikiane barua kama watu waliosoma. Zangu Cyprian atazipiga picha akutumie, na zako atazichapisha stesheneri ya pale stendi aniletee. Anazisoma zote kabla yangu, mmbea yule, basi lako la siri usiliandike.

Nina ombi. Jumapili wakwe zako walikuja kutoka Muleba kutupongeza kwa mimba. Tumekula, tumekunywa, nami nikatangaza mbele ya watu wote kwamba mtoto akiwa wa kike ataitwa Koleta, maana wewe mwenyewe uliniahidi siku unaondoka. Mama yake Erick akaweka glasi mezani. Cyprian akaniandikia kwenye karatasi alichosema: "Koleta ni nani kwenu?"

Sara, nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na swali la mtu halijawahi kunishinda. Hili lilinishinda. Bibi yako Leokadia hakuwa na dada Koleta, wala shangazi, wala jirani. Mimi ndiye Koleta wa kwanza katika ukoo wetu na sijui nimeokotwa wapi.

Unamkumbuka bibi yako na misemo yake. Jina ni nguo, alikuwa akisema, usimvike mtoto kabla hujajua aliyeivaa kwanza. Na alipofariki yeye, nilipotaka tumzike na kanga yangu niliyoipenda, wazee waliikunja wakanirudishia. Nguo ya aliye hai haizikwi na maiti, walisema, mwenye nguo atafuata. Kwa watu wa namna hiyo mkwe wangu ana haki ya kuuliza.

Ninachojua ni kimoja, kwamba jina nilipewa na Mama Zebunissa. Bibi yako alikuwa akifanya kazi nyumbani kwake, ghorofani juu ya duka lao hapa mjini. Nilipozaliwa, yule mama wa Kihindi aliomba anipe jina yeye. Padri akatafuta kwenye kitabu chake, akamkuta Mtakatifu Koleta, mtawa wa Ufaransa, akaridhika. Sasa Mama Zebunissa yuko huko huko Toronto, anaishi kwa binti yake Nazlin niliyecheza naye kombolela utotoni. Anuani iko kwenye kadi yao ya mwisho, Cyprian ataipiga picha pia. Nenda kamwulize kabla hajafa. Jina alilitoa wapi, na lina maana gani?

Ule vizuri. Vaa soksi.

Mama yako,
Koleta


Rexdale, Toronto
23 Novemba 2025

Mama mpendwa, shikamoo.

Nimekwenda. Nilitoka shifti asubuhi, nikalala kidogo, nikapanda basi la Kipling na tumbo langu mbele kama mzigo wa mtu mwingine. Kumbe siku zote hizo tunakaa karibu nao. Nilipotaja jina lako mlangoni, Mama Nazlin, yule mwenzako wa kombolela, alipiga kelele, "Koleta wa Leokadia!" akanikumbatia kabla sijavua viatu. Amenikalisha, amenipa chai ya maziwa na bajia, amenionyesha kovu la gotini analosema ulimsukuma wewe.

Mama Zebunissa amezeeka. Akili yake inakuja na kuondoka. Anamwita Nazlin kwa jina la mdogo wake aliyekwisha kufariki, na kila baada ya muda anauliza kama duka limefungwa. Lakini nilipomwambia mimi ni mtoto wa Koleta, aliweka kikombe chini akanishika tumbo kwa mikono miwili, hakuniachia. Akasema kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, "Safari hii usimngoje mtu wa meli." Nazlin akaniambia nisimjali. Nikamwuliza jina lako alilitoa wapi. Akaniuliza chai yake iko wapi.

Maana nimeipata kwingine. Ghalani anakofanya kazi Erick kuna Mkongomani wa Bukavu, mtu wa Kifaransa hasa. Anasema hilo ni jina la kudekeza. Wafaransa walikuwa na Nicolas, mtakatifu wa zamani aliyetoka kwa Wagiriki, na maana yake ni ushindi wa watu. Wakalifanya la kike, likawa Nicolette. Halafu mama zao wakalikata kichwa ili mtoto aitike haraka, likabaki Colette. Kwa hiyo wewe ni Ushindi, Mama, lakini ule mdogo wa kubebwa mgongoni. Erick amecheka sana, anasema hakuna anayeweza kukubeba.

Kuhusu mimi usijali. Miguu imevimba na presha imepanda kidogo, si kitu. Daktari anasema nipumzike. Tarehe ni katikati ya Februari, na ni wa kike, wametuhakikishia.

Mwanao,
Sara


Kashai, Bukoba
30 Novemba 2025

Mwanangu Sara,

Ushindi wa watu! Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi nzuri, nikampa bodaboda aipeleke Muleba mpaka mkononi mwa mama yake Erick. Hajajibu. Najua anatafuta maana ya jina lake na hataipata.

Lakini swali langu la kwanza umeliruka. Maana tumeijua, asili ya jina je? Mtu hachukui jina la Kifaransa hewani akiwa Bukoba anapima sukari na mafuta ya taa. Mrudie yule mama siku akili yake imetulia.

Halafu hiyo presha unayosema si kitu, kwangu ni kitu. Somo yangu Mtakatifu Koleta ndiye mwombezi wa wajawazito na watoto wagonjwa, padri wetu alitusomea. Unalikumbuka kopo la vifungo, lile la bati lenye picha ya mwanamke mwenye kofia pana? Bibi yako alipewa na Mama Zebunissa siku ya ubatizo wangu. Maandishi yamefutika yote ila uso uko wazi, na tangu nikiwa mdogo nimejua kwamba huyo ndiye mtakatifu wangu. Nilivihamisha vifungo nikaliweka kwenye meza ya sala, pembeni ya Bikira Maria. Wajawazito wote wa jumuiya yetu wamekuja kuligusa, miaka yote hii, na wengi wamejifungua salama. Wewe mwenyewe ulipokuwa na surua nililiweka kitandani kwako.

Basi nimeanza novena mbele yake kwa ajili yako. Mishumaa haitazimika humu ndani mpaka uniambie presha imeshuka.

Mama yako,
Koleta


Rexdale, Toronto
29 Desemba 2025

Mama mpendwa, shikamoo.

Samahani kwa kunyamaza. Theluji imeanguka sana. Erick amechukua likizo yuko nyumbani.

Novena naamini umeimaliza. Inatosha, Mama, usianze nyingine, magoti yako yanauma.

Habari ya jina tuiache kwanza. Tafadhali usimwandikie tena mama yake Erick lolote, na usiwatangazie watu wa jumuiya. Sitaki kulizungumza kwa sasa. Nikipata nguvu nitakuandikia vizuri.

Mama Nazlin anakusalimu. Huwa anakuja kunitazama.

Mwanao,
Sara


Kashai, Bukoba
4 Januari 2026

Sara,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani Cyprian amesahau karatasi ya pili.

Nilikuwa natafuta habari ya mtoto, humo hamna. Presha, hamna. Kuna theluji. Theluji inanihusu nini mimi? Halafu chini kabisa, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa, jina tuliache kwanza.

Sema tu kwamba mama mkwe wako ameshinda. Umekaa huko miaka minne umeona majina ya wenzako, langu limekuwa la kizamani, la mama wa kijijini anayepiga magoti mbele ya kopo. Ulipoahidi ulikuwa uwanja wa ndege unalia, na ahadi ya anayelia haina mashiko, hilo nililijua ila nilijidanganya. Jina langu kama linakunuka, niambie wazi. Mimi si mtoto. Wasichokijua watu ni kwamba ukishakuwa kiziwi huhitaji kingine, unahitaji tu mtu mmoja aitwe kwa jina lako ili ujue ukiondoka kuna atakayeitika.

Mishumaa nimeizima. Umesema inatosha, basi imetosha.

Koleta


Etobicoke, Toronto
10 Januari 2026

Dada Koleta,

Ni mimi Nazlin wa ghorofani. Kiswahili changu ni cha jikoni kwa Mummy, utanisamehe nikikosea. Barua hii nampa Mansoor, mtoto wa kaka yangu, anayesafiri kuja Dar, aiweke kwenye basi la Bukoba kwa jina lako. Sikutaka ipitie simu ya Cyprian. Nataka wewe uwe wa kwanza kuisoma, na nakuomba ukae kitini.

Mtoto alizaliwa kabla ya Krismasi. Presha ya Sara ilipanda ghafla, wakampasua ili kumwokoa. Mtoto alikuwa mdogo sana, mapafu yake hayakuwa tayari. Alikaa siku tatu kwenye mashine, kisha akafariki mikononi mwa Erick. Pole sana, dada. Pole sana. Sijui nikuandikie vipi neno hili ili liume kidogo.

Sara anatembea sasa, anakula akilazimishwa. Hajakuambia wewe, na Erick hajawaambia watu wa Muleba. Nilimkasirikia. Akaniambia, "Mama yangu amewasha mishumaa kwa ajili yangu, nitamwambiaje?" Barua yako ya mwisho ameisoma hapa kwangu. Alinipa na mimi niisome, halafu akaikunja akaiweka ndani ya koti. Ndiyo maana nakuandikia bila yeye kujua.

Sasa nikuambie la Mummy, maana uliuliza.

Siku nilipomwambia kwamba mtoto wa Sara amefariki, aliniagiza koti lake. Mtu asiyejua leo ni siku gani, dada, alijifunga vifungo mwenyewe. Nikampeleka. Akakaa kitandani kwa Sara akamwuliza, "Mlimwita nani?" Sara akasema hawakumwita. Padri wa hospitali alipokuja kumbatiza aliuliza jina, Sara akashindwa kulitoa, padri akambatiza hivyo hivyo.

Ndipo Mummy akasimulia jambo ambalo mimi, binti yake, sikuwahi kulisikia. Kabla yangu alikuwa na mtoto mwingine, wa kike, alizaliwa pale juu ya duka mwaka mmoja kabla yako. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya sita. Tunamwekea karatasi nyeupe na kalamu karibu ya kitanda, ili bahati yake iandikwe, na anayetoa jina ni shangazi yake, dada wa baba. Mama hana ruhusa. Shangazi alikuwa Mwanza, wakamngoja aje na meli. Siku ya nne mtoto akafa kwa homa. Wakamzika bila jina, maana mwenye haki ya kumpa hakuwa amefika. Meli ilipofika, shangazi alishuka na sanduku la nguo za mtoto, akarudi nalo vile vile.

Lakini Mummy alikuwa na jina moyoni. Kwenye meza yake ya kioo kulikuwa na kopo la poda ya uso, ya Kifaransa, Daddy aliiagiza kwa ajili ya duka akampa moja. Juu yake mwanamke mwenye kofia, na chini yake limeandikwa Colette. Alipokuwa peke yake na mtoto alimwita hivyo, kwa siri, siku zote nne. Aliyejua ni mmoja tu, Leokadia, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimwosha mtoto, na ndiye aliyemwosha mara ya mwisho.

Mwaka uliofuata Leokadia akakuzaa wewe. Mummy akaomba akupe jina. Leokadia alijua vizuri nguo hiyo ni ya nani, akakubali uvikwe. Na Mummy akampa lile kopo, kwa sababu hakuweza kulitazama tena.

Mummy akamwambia Sara, "Mpe jina leo. Mimi nilimngoja mtu wa meli, nikamkosa mtoto mara mbili." Sara akajibu, "Jina ni la mama yangu, na mama yangu yuko hai. Nguo ya aliye hai haizikwi. Nikimzika nalo, nitakuwa nimemzika na yeye." Hapo akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Jina lingine hataki. Hilo hathubutu.

Watu wa makaburi wameandika kwa muda "mtoto wa kike" na jina la ukoo. Kibao chenyewe kitachongwa mwezi ujao na kuwekwa ardhi ikilainika, na wanangoja kuambiwa. Basi mtu wa meli safari hii ni wewe, dada. Nimekuandikia ili usichelewe.

Mummy leo asubuhi amesahau yote. Ameniuliza kama duka limefungwa.

Nazlin


Kashai, Bukoba
24 Januari 2026

Mwanangu, mwanangu Sara,

Barua ya Nazlin imefika jana kwa basi. Niliisomea jikoni, nikiwa nimekaa kama alivyoniagiza. Cyprian alinikuta bado nimekaa, moto umezimika, na sasa naye anajua. Tumelia wote wawili. Yeye alitoka nje kulia, nami nikamwona dirishani mabega yanapanda na kushuka, sauti siipati.

Uliniandikia kwamba theluji imeanguka sana, nami nikakuuliza theluji inanihusu nini. Ulikuwa na kidonda cha kisu tumboni na kaburi jipya, mimi nikakupigia kelele za jina. Masikio yangu nilijua yamekufa. Sikujua nimekuwa kiziwi mpaka wa barua. Unisamehe, mama yangu. Ile barua iliyo ndani ya koti, itoe uichome.

Kopo nililitazama usiku kucha. Poda ya uso! Miaka yote hiyo nimewapigisha magoti wanawake wa Kashai mbele ya tangazo la dukani. Nilicheka, Sara, nacheka huku nalia, kama mwendawazimu. Kisha nikamfikiria Mama Zebunissa, kijana kuliko wewe, anamwita mtoto kwa kunong'ona asije akasikiwa na mawifi. Na bibi yako na beseni lake, anasikia, ananyamaza. Kumbe hakuwa na misemo ya bure. Alikuwa na mtoto mmoja kichwani. Cyprian aliniuliza kwa ishara kama aliondoe mezani. Nikamwambia aliache pale pale. Nimewasha mshumaa, na leo si wa novena.

Sasa nisikilize, maana makaburini wanangoja.

Ni kweli nguo ya aliye hai haizikwi. Wazee walisema hivyo kwa kuogopa kumzika mtu na kitu ambacho mwenyewe hakukitoa. Kanga yangu ile walinirudishia mimi, na mimi nilikuwa naitoa kwa moyo wote, na mpaka leo inaniuma kwamba bibi yako alikwenda bila ya kitu changu. Safari hii sirudishiwi. Jina hili halikuwa langu tangu mwanzo. Lilikuwa la mtoto wa siku nne aliyeondoka bila kulivaa, nami nimelivaa kwa niaba yake, nimelifundishia shule, nimeolewa nalo, nimewazaa ninyi nalo. Halijachakaa. Mvike mwanao.

Usiogope kwamba nitafuata. Nitafuata siku moja kama watu wote, jina au bila jina, na nikifika huko nataka nipokewe na watu wanaoitika ninapoita. Nilikuwa nikitaka mmoja wa kuniitikia huku nyuma. Basi, watakuwa wawili mbele.

Waandikie watu wa kibao leo hii, usimngoje mtu. Mwambie Erick awapigie wazazi wake. Mama mkwe wako akiuliza Koleta ni nani kwetu, mwambieni ni mjukuu wake.

Na theluji ikiyeyuka, mpitie Mama Zebunissa mwende naye. Mshike mkono asiteleze, na kama amesahau mnakwenda kwa nani, mwambie polepole mpaka akumbuke. Mkifika, mnisalimie somo yangu.

Mama yako,
Koleta